Madhara Hayaondolewi kwa Madhara: Somo la Ufuoni

Somo letu linatokana na kanuni ya fiqhi isemayo kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Mzizi wake ni hadithi mashuhuri aliyoipokea Ibn Majah, inayokataza kudhuru na kudhuriana. Tuitazame kanuni hii katika Ziwa Victoria.

Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita rekodi ya mwaka 1964. Fukwe za Entebbe zilifurika.

Ufuo wa bustani ya umma ukiliwa na maji, wazo la kwanza huwa ukuta wa zege. Lakini ukuta haulizimi wimbi, hulirudisha. Wimbi hilo huchimba mchanga chini ya msingi, na pale ukuta unapoishia, ardhi ya jirani humomonyoka zaidi. Bustani imeokoka, mvuvi wa pembeni amepoteza mahali pa kuanikia nyavu. Madhara hayajaondoka, yamehama.

Njia nyingine ni ufuo hai: kuacha au kupanda mimea ya asili ukingoni, kama matete na mafunjo. Mashina hupunguza nguvu ya wimbi, mizizi hushika udongo, samaki wadogo hupata maficho. Mawimbi yakizidi kidogo, hutangulizwa safu fupi ya mawe mbele ya mimea. Yakiwa makali mno, mimea peke yake haitoshi.

Msingi wa jambo hili tunao. Wanazuoni walieleza harimu ya mto: ukanda wa ukingoni asioruhusiwa mtu kuumiliki, kwa kuwa manufaa yake ni ya wote. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 nazo ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kando ya Ziwa Victoria. Anayefyeka matete humo ili apate mandhari nzuri, amegusa haki ya umma.

Ama kupanda, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anachopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huwa sadaka kwake.

Maswali ya halaka:
1. Ukuta unaolinda msikiti lakini unamomonyoa shamba la jirani, hukumu yake ni ipi?
2. Nani ana wajibu wa kuilinda harimu, serikali peke yake au kila mmoja wetu?

Wallahu aalam.