Barafu haiui vijidudu

Wazazi wengi hudhani kwamba maji yakishaganda yamekuwa salama. Sivyo. Maji huganda kwenye nyuzi 0 za Sentigredi. Maziwa na maji ya matunda hutaka baridi zaidi kidogo, kwa sababu ya sukari na chumvi zilizomo. Lakini baridi hiyo huvilaza tu vijidudu vingi, haiviui. Barafu ikiyeyuka huamka, na mtoto aweza kuhara au kupata homa ya matumbo.

Basi, kabla ya kuwagandishia watoto barafu za ubuyu:

1. Chemsha maji yatokote, yafunike yapoe.
2. Osha mikono na vyombo kwa sabuni.
3. Usijaze chupa ya kioo pomoni. Maji yakiganda hutanuka, na chupa hupasuka.