Maji ya Kuchemsha Nyumbani Muze: Namna Mazoea Yalivyopata Makao

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akilijua jambo la heri na kulikusudia kwa moyo safi, jambo hilo litadumu naye popote aendapo. Imani hiyo niliiacha mwaka niliohama Ufipa juu, nikateremka milima ya Lyambalyamfipa, nikaja kulima mpunga hapa Muze. Kule juu, viungani mwa Sumbawanga, ambako nchi imeinuka takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ya kuuma vidole, moto wa jikoni kwetu haukuzimwa tangu alfajiri hadi usiku, na kando yake palikuwa daima na sufuria ya maji ya kunywa, ambayo yalichemka kila siku pasi na mtu kuamrishwa wala kukumbushwa. Huku bondeni, karibu meta 1,000 chini yake, moto huzimwa mara ugali unapoiva, watu hukimbilia kivulini, na kiu haina subira. Haukutimia mwezi tangu tuhamie, maji ya kuchemsha yakatoweka nyumbani mwangu, ilhali elimu yangu ilikuwa ile ile na dhamira ile ile. Ndipo nilipofahamu kwamba mazoea yetu hayakuwa yamekaa nyoyoni mwetu, bali yalikaa kando ya moto. Moto ulipoondoka, nayo yakaondoka.

Bonde hili la Rukwa limekwisha kuzukiwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, na katika msimu wetu wa kwanza wa mvua mjukuu wangu alishikwa na kuhara kukali, akanusurika, alhamdulillahi, kwa kunyweshwa maji ya chumvi na sukari usiku kucha. Kwa hofu ya siku ile nilikula yamini mbele ya aila yangu kwamba hatutakunywa tena maji yasiyochemshwa, tutanawa kwa sabuni kila tutokapo chooni, tutafagia kiwanja kila alfajiri, na vyombo vyote tutavianika juu ya kichanja. Mambo manne kwa siku moja! Juma la tatu lilipofika halikusalia hata moja. Yamini ile ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa na mahali wala saa yake.

Katika tafakuri nikamkumbuka marehemu baba. Mwaka 1973 nchi yetu ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio kwa majuma 12, wakajadiliana na kisha wakainuka kutenda, baba alikuwa miongoni mwao. Choo walichochimba kilitufaa miaka mingi, lakini nasaha zile zilizohitaji kutendwa upya kila siku zilififia nyumbani kwetu baada ya redio kunyamaza. Choo kikishachimbwa hukungoja mahali pake. Maji hayachemki leo kwa sababu yalichemka jana.

Basi nikaanza upya kwa jambo moja tu, nikaliambatanisha na jambo ambalo halikosekani katika nyumba ya Mfipa, nalo ni ugali wa jioni. Mara sufuria ya ugali inapoepuliwa, kabla mtu hajaketi kula, sufuria ya maji hutelekwa juu ya mafiga yale yale, kuni zikiwa bado zinawaka. Hatuwashi moto mwingine, wala hatutafuti wasaa mwingine. Maji yakitokota kwa mapovu makubwa, huachwa yaendelee hivyo dakika moja nzima, kisha hufunikwa, hulala yakipoa, na alfajiri humiminwa katika mtungi wa udongo wenye kifuniko. Watoto walilalamika kwamba maji yaliyochemshwa hayana ladha. Nikajifunza kuyamimina mara mbili tatu kutoka chombo kimoja hadi kingine ili yapate hewa, na ubaridi wa mtungi ukamaliza mashtaka yaliyobaki. Kata ya kuchotea hutundikwa ukutani juu ya mtungi, kwa maana maji safi yakichovywa kikombe kilichoshikwa na kila mkono hugeuka kuwa machafu tena, na taabu yote ya moto ikawa bure.

Palibaki ada ya zamani: wajukuu warudipo kutoka shule hukimbilia ndoo iliyo karibu na mlango. Kukemea hakukusaidia. Nikakumbuka kilimo cha wazee wetu cha intumba, ambapo Mfipa hayachomi majani ya shamba, bali huyafukia ndani ya tuta, yakaoza humo na kulisha mazao ya msimu ujao. Nami vivyo hivyo sikuikata safari ya watoto ya kuelekea mlangoni. Niliihamisha ndoo ya maji ya kuoshea nyuma ya nyumba, na mtungi nikauweka pale pale ndoo ilipokuwa. Miguu yao iliendelea na njia ile ile, ila midomo ikakutana na maji mengine.

Kila usiku nilichora mstari wa mkaa ukutani. Usiku wa ishirini na ushei tulikwenda msibani kijiji cha jirani, tukakosa siku tatu, nami nikadhani yote yamebomoka. Baadaye nilisoma uchunguzi wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ambao waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, wakaona kwamba tendo jipya lilihitaji wastani wa siku 66 ili litendeke bila kufikiri, wengine siku 18 tu, na wengine wakakadiriwa kuhitaji 254. Na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyotangulia. Laiti ningalijua hayo mapema! Mtu anayejihukumu kwa siku 21 zinazotajwa mitaani hujidhulumu. Kwetu sisi mistari ya mkaa ilipita 80 kabla sijamkuta mke wangu, nami nikiwa nimechelewa shambani, ameteleka maji bila mtu kumwambia neno.

Hapo tu ndipo tulipoliendea jambo la pili, kibuyu chirizi cha kunawia mikono, tulichokining'iniza palepale njiani mtu atokapo chooni, sabuni ikifungwa kwa kamba pembeni. Hilo halikutusumbua sana, kwa sababu tulikwisha jua la kuuliza: mtu hupita wapi, na mkono wake hufikia nini kwanza? Kufagia kiwanja bado hatujakufikia.

Ewe msomaji, ikiwa nawe umekusudia jambo na limekuponyoka, usijilaumu kwa udhaifu wa moyo kabla hujatazama nyumba yako. Chagua jambo moja, na jioni ya leo, kabla mafiga hayajapoa, lipe mahali pake.