Jalidi Hulala Bondeni

Wewe mwenye shamba katika skimu za Kinangop, Ol Kalou au Molo, wajua kwamba viazi vikiadimika katika soko la Wakulima, Nairobi, bei hupanda. Kwa hiyo mwezi wa Desemba wengi hupanda viazi chini bondeni, mahali penye unyevu. Na hapo ndipo jalidi, yaani umande ulioganda, inapolala.

Sababu yake ni hii. Januari na Februari mawingu huwa machache. Usiku usio na mawingu wala upepo, joto la ardhi hupotea angani, na hewa iliyo karibu na udongo hupoa sana. Hewa baridi ni nzito. Huteremka mlimani kama maji na kujikusanya bondeni. Ua mnene uliokingama njiani huizuia, nayo hujaa shambani mwako. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza chai huko Kericho na Nandi, na kiazi ni mmea laini kuliko chai.

Lipime shamba lako mwenyewe. Jioni isiyo na mawingu, weka sahani mbili za bati zenye maji kidogo juu ya majani makavu, moja bondeni, moja katikati ya mteremko. Uzitazame kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa ya bondeni peke yake imeganda, panda viazi mteremkoni, hata kama mavuno yatapungua kidogo. Bondeni tia kabeji au karoti, maana hizo huvumilia zaidi.

Je, viazi vimekwisha ota huko? Pandisha udongo kwenye mashina. Mwagilia udongo mchana, kwa kuwa udongo wenye maji huweka joto kuliko mkavu. Usitandaze majani makavu wakati huo. Huzuia joto la ardhi lisifikie mmea. Toboa pengo katika ua wa upande wa chini. Mpira wa maji uliolala nje, utoe maji jioni usije ukapasuka.

Viazi vikiungua, usiving'oe kwa haraka. Ngoja siku kumi. Shina lililo bichi chini huchipua tena.

Mtama wa malisho ni hatari zaidi. Ukipigwa na jalidi huwa na sumu iwezayo kuua ng'ombe upesi. Watoe ng'ombe humo mara moja, umwulize bwana shamba kabla ya kuwarudisha, na machipukizi mapya usiwape mpaka yapite goti.