Maji ya udhu na mguu usio na habari

Sisi wa Akheri, chini ya Mlima Meru, maji ya alfajiri ya mwezi Julai tunayajua. Nikiwauliza wanafunzi wangu baridi ile inajulikana wapi, wengi hujibu: mkononi. La! Ngozini kuna ncha za mishipa ya fahamu zenye vipokezi, kimoja cha baridi, kingine cha joto kali, kingine cha mguso. Kikichochewa, taarifa husafiri kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na huko ndiko tunakohisi baridi. David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso. Kumbe kipokezi cha joto kali ndicho hicho kinachochochewa na pilipili, ndiyo maana "inaunguza" bila moto.

Sasa, kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu mishipa hiyo, aghalabu kuanzia nyayoni. Mzee anaota moto jikoni, mguu unaungua, ubongo hauna habari. Kidonda kikichelewa kuonekana, mguu huweza kukatwa. Na wapo wanaofurahi eti maumivu yamekwisha!

Kwa hiyo tunapowapashia wazee maji ya udhu, tuyapime sisi kwa kiwiko, wasiyapime wao kwa mguu. Mwenye kisukari anapoosha miguu atazame nyayo na kati ya vidole, kisha akaushe vizuri. Kama macho hayaoni, mjukuu amtazamie. Likionekana lengelenge, zahanati siku hiyo hiyo.