Ukifumba Macho, Unaona Nini?



Mwaka jana niliongoza tafakari kwenye mafungo ya vijana kule Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru. Nikawaambia wenzangu wafumbe macho, wajione wako Galilaya: wasikie maji, wanuse samaki, wamwone Yesu. Ni njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548. Naipenda sana njia hii. Dakika tano hazijaisha, dada mmoja akatoka nje. Nikasema kwa sauti, wote wakisikia, "Tusimpe shetani nafasi."

Jioni akanifuata. "Kaka, mimi nikifumba macho simwoni Yesu. Namwona baba, barabarani."

Baba yake aligongwa na lori, yeye akiwa darasa la sita. Alikuwepo. (Ameniruhusu niandike haya.)

Niliona aibu, ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 2005 Emily Holmes na Andrew Mathews walichapisha utafiti wao: watu walisikilizishwa matukio mabaya yale yale, wengine wakaambiwa wayaone kama picha, wengine wafikirie maana ya maneno tu. Walioona picha walipata wasiwasi zaidi. Yaani picha ya kichwani inagusa moyo kuliko maneno. Ndiyo maana tafakari ya Inyasi ina nguvu. Na ndiyo maana picha mbaya haiondoki kwa kuambiwa "sali, usahau".

Hapa jirani, Moshi, na kule Bungoma nchini Kenya, Shannon Dorsey na wenzake waliwafuatilia watoto 640 waliofiwa na wazazi. Watu wa kawaida, siyo madaktari, walifundishwa kuwasaidia. Mtoto alisimulia kile kifo kidogo kidogo, mbele ya mtu aliye salama, badala ya kukikimbia. Matokeo yalitoka mwaka 2020: sehemu nyingi nafuu ilionekana kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, ingawa ni Kenya ilikodumu zaidi. Siyo dawa ya siku moja, basi.

Sasa fungua Yohane. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa (Yn 18:18). Baada ya ufufuko anashuka mtumbuini, anakuta nini ufukoni? Moto wa makaa tena (Yn 21:9), na samaki juu yake. Mimi nadhani harufu ile ilimchoma. Yesu hakumwambia asahau. Alimlisha kwanza, ndipo akamuuliza, mara tatu.

Na kama wewe ukifumba macho huoni chochote kabisa, usidhani imani yako ni ndogo. Teresa wa Avila, Mwalimu wa Kanisa, alikiri kwamba hakuwa na kipaji cha kuwaza picha. Alisaidiwa na kitabu, na kwa kutazama mashamba, maji na maua.

Siku hizi sisemi tena "fumbeni macho". Nasema anayetaka afumbe, asiyetaka atazame msalaba au nje. Yule dada nilimwomba radhi, na sasa anaonana na mshauri nasaha kila wiki mbili. Kwaresima hii alikuja tena mafungoni. Alikaa dirishani, macho wazi, akiutazama Meru mpaka kengele ikalia. Sikumuuliza alichoona.