Iko Jirani, Inang'aa, na Bado Haionekani
Maswali na majibu kuhusu Nebula ya Heliksi

Kuna picha ya "Jicho la Mungu" inazunguka WhatsApp. Wanasema hutokea mara moja kila miaka 3,000. Ni kweli?

Picha ni ya kweli. Maneno yaliyobandikwa chini yake ndiyo ya uongo. Hiyo ni Nebula ya Heliksi, NGC 7293, na picha ilitengenezwa mwaka 2003 kwa kuunganisha kazi ya darubini ya angani Hubble na ya darubini ya Kitt Peak huko Arizona. Nebula yenyewe haitokei wala haipotei. Ipo palepale, na usiku wa Oktoba hupita karibu na utosi wa mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa. Uzushi huu ulianzia kwenye barua pepe kabla WhatsApp haijakuwepo, na sioni dalili kwamba umechoka.

Inaitwa nebula ya sayari. Sayari iko wapi?

Jina lilitokana na sura tu. Katika karne ya 18, William Herschel aliona viduara hafifu vilivyomkumbusha sayari, na jina likaganda. Kumbe ni gesi ya nyota iliyozeeka. Nyota yenye uzito wa kukaribiana na Jua ikiishiwa hidrojeni kiinini huvimba ikawa jitu jekundu, kisha humwaga matabaka yake ya nje. Kinachobaki ni kibete cheupe, kiini kilichosinyaa hadi kufikia ukubwa wa Dunia. Cha Heliksi kina joto la zaidi ya nyuzi 100,000, na mionzi yake ya urujuanimno ndiyo inayoiwasha gesi. Gesi hiyo imetanuka kwa miaka kama 10,000, na upana wa pete yake angavu sasa unakaribia miaka nuru mitatu.

Kama iko karibu na inang'aa, mbona mwanaastronomia Charles Messier hakuiweka kwenye orodha yake ya nebula?

Ukaribu wake ndio unaoificha. Iko umbali wa miaka nuru 650 hivi, ambao kwa nebula za aina hii ni ujirani kabisa, hivyo angani inaonekana kubwa, karibu na upana wa mwezi mpevu. Ukijumlisha mwanga wake wote, ni kama mara tatu ya ule wa Nebula ya Pete, ambayo Messier aliiandika bila shida mwaka 1779. Lakini Pete ni kiduara kidogo, mwanga wake umekusanyika. Chukua kijiko cha samli: kwenye chapati moja kila mtu ataiona ikimetameta, lakini ukikigawa kwenye chapati mia kadhaa, mgeni atauliza kama uliweka samli. Ukiona kitabu kimeandika "ukubwa wa mwanga 7.6", ujue namba hiyo ni ya jumla, na kwa Heliksi inadanganya.

Isitoshe, Messier alikuwa Paris, ambako nebula hii haipandi zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Herschel naye aliikosa. Aliyeiona ni Karl Ludwig Harding wa Göttingen, miaka ya 1820, na huko nako iko chini vilevile. Namvulia kofia.

Basi mimi niitafuteje?

Katikati ya Oktoba, yapata saa tatu usiku, tafuta nyota iitwayo Fumu al Hutu, ambayo ramani za kigeni huiandika Fomalhaut. Inang'aa peke yake, huwezi kuikosa. Nyosha mkono, kunja ngumi, kisha pima ngumi moja kutoka nyota hiyo kuelekea kaskazini-magharibi, ndani ya kundinyota la Dalu. Tumia darubini ya macho mawili, 10x50 inatosha, mahali pasipo taa na usiku usio na mbalamwezi. Utaona doa la kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Wenye darubini kubwa wasikimbilie kukuza sana, maana wataipita katikati bila kujua.

Kijivu? Zile rangi ni za kubuni?

Hapana. Jicho gizani haliwezi kutambua rangi hafifu, kamera inaweza. Wekundu hutoka kwenye hidrojeni na nitrojeni, na rangi ya kijani-buluu ina kisa chake. Mwaka 1864 William Huggins, akichunguza nebula nyingine katika kundinyota la Joka, alikuta katika mwanga wake mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote ya maabara. Ikabuniwa elementi mpya, "nebulium". Mwaka 1927 Ira Bowen akaizika: ni oksijeni iliyopokonywa elektroni mbili. Hewa ya hapa Duniani ina msongamano mno, atomi hugongana kabla hazijatoa mwanga huo. Kule gesi ni nyembamba kiasi kwamba zinapata nafasi. Chujio la O-III, linalouzwa kwa wapenda nyota, hupitisha mistari hiyo na kuzuia karibu mwanga mwingine wote.

Katikati kuna nini zaidi ya hicho kibete?

Mwaka 2007 darubini ya Spitzer ilionyesha vumbi likikizunguka, pengine la nyotamkia zinazogongana. Halafu kuna eksirei kali ambazo kibete cheupe cha aina hii hakitarajiwi kuzitoa. Mwaka 2025 watafiti waliounganisha vipimo vya tangu 1980 walieleza kwamba eksirei hizo hupanda na kushuka kidogo kila baada ya saa 2.9. Wanachopendekeza ni kwamba sayari yenye ukubwa wa Mshtarii ilivutwa karibu mno ikachanwachanwa, na mabaki yake yanaendelea kukiangukia kibete.