Je, Mti Huo ni Mwarobaini Kweli?

Mkazi wa Kianjokoma anapoonyesha mti mkubwa uliostawi nyuma ya nyumba na kuuita mwarobaini, huenda amekosea. Kosa hilo si dogo, kwani mti unaofanana na mwarobaini na kupenda baridi ya mlimani huzaa matunda yenye sumu.

Mwarobaini halisi, Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Ni mti wa joto. Hustahimili ukame na udongo mbaya, lakini hudumaa kwenye baridi na mizizi yake huoza maji yakituama. Zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari haufanyi vizuri. Ndiyo maana Kiritiri na Kiambere ni kwao, ilhali kwenye mashamba ya chai huko juu miche mingi hubaki mifupi na ya manjano.

Ule wa mlimani mara nyingi ni melia, Melia azedarach, nao pia ulitoka Asia. Ni jamaa ya mwarobaini, hukua haraka na hupandwa kwa kivuli na kuni. Kwa kazi hizo hauna ubaya. Hatari huja mtu anapochemsha sehemu zake anywe, au watoto wanapookota matunda. Mtu aliyekula hutapika na kuharisha, na akila mengi anaweza kupata degedege. Nguruwe nao hudhurika.

Kuitofautisha si kazi ngumu. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kilichopangwa vijani pande mbili, kama unyoya. La melia hugawanyika tena: kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo, na vijani viko juu ya hivyo. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya melia ni ya zambarau. Melia hupukutisha majani, kisha vitunda vya mviringo vya manjano hubaki vikining'inia kwenye matawi matupu.

Mbeere kuna jamaa wa tatu, mukau, ambao ni wa asili ya Afrika Mashariki. Majani yake hugawanyika kama ya melia, ila matunda yake ni makubwa zaidi. Thamani yake iko kwenye mbao, ambazo mchwa huzishinda kwa shida. Si dawa ya kunywa.

Anayetaka kupanda mwarobaini atumie mbegu mbichi, zioteshwe ndani ya wiki chache baada ya kuokotwa, kwa sababu hupoteza uhai upesi. Miche ihamishiwe shambani mvua za Machi au Oktoba zinapoanza.

Hata mwarobaini halisi una mipaka yake. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga waliopewa kwa mdomo. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe malaria. Na aliyekula matunda ya melia apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi la mti huo ili mhudumu auone.